Barua ya wazi kwa Waziri: NP9 tunayoimwaga ziwani

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,

YAH: SABUNI ZENYE NP9 (KEMIKALI YA KUKATA GRISI)

Mheshimiwa, natengeneza sabuni ya maji hapa Mwanza. Wateja wangu wakubwa ni vijana waosha magari. Maji yao huishia mtaroni, mtaro huingia Mto Mirongo, na Mirongo huingia Ziwa Victoria. Sato tunaowala hutoka humo humo.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua kemikali ya kukata grisi. Muuzaji aliimimina kutoka kwenye pipa la bluu hadi kwenye dumu langu la lita tano, akaandika kwa maka peni "NP9", basi. Hakuna lebo wala onyo. Nikamuuliza ikifika majini inakuwaje. "Inaoza tu, mama, usiwe na wasiwasi."

Ni kweli inaoza, na hapo ndipo penye tatizo. Kila chembe ya NP9 ina mkia unaopenda maji. Vijidudu vya mtoni huutafuna mkia huo kipande kwa kipande, povu linapotea, mto unaonekana safi. Kinachobaki ni nonilfenoli, ambayo ni sumu kali zaidi kwa samaki kuliko NP9 yenyewe. Hung'ang'ania kwenye tope na kwenye mafuta ya samaki, na mwili wa samaki huidhania kuwa homoni ya kike.

Uingereza waliyaona haya kwenye Mto Aire, ambako viwanda vilikuwa vikiosha sufu kwa sabuni za aina hii. Miaka ya 1990 watafiti waliweka samaki madume aina ya trauti kwenye vizimba mtoni. Korodani zao hazikukua inavyopaswa, na damu yao ikajaa protini ya kutengenezea kiini cha yai. Madume, Mheshimiwa! Viwanda vilipobadili sabuni, madhara hayo yakapungua. Umoja wa Ulaya ukaja kupiga marufuku matumizi mengi ya kemikali za aina hii, zikiwemo sabuni za usafi, kuanzia Januari 2005.

Naomba NP9 isiuzwe kabisa kwa kazi ya sabuni zinazomwagwa mitaroni, na kila dumu la kemikali liuzwe na lebo inayosomeka. Naomba pia tope la Mirongo, pale unapoingia ziwani, lipimwe nonilfenoli, na majibu yabandikwe Mwaloni Kirumba, wavuvi na wachuuzi wayasome.

Dumu langu bado limejaa. Sijalitumia, wala sijui pa kulimwaga.

Mtengeneza sabuni,
Mwanza