RISALA YA KLABU YA SAYANSI KWA MGENI RASMI: WOGA WA PANYA UNAPITA WAPI KICHWANI

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana.

Sisi watoto wa Morogoro habari za panya tumekua nazo, maana pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ndo wanafundishwa wale panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, hata Magawa aliyepewa medali ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyopiga Kambodia alifundishwa hapahapa. Mwaka huu klabu ikasema tusiishie puani, tuingie kichwani kabisa, panya anaogopaje, anakumbukaje, na nani humo ndani anamwambia sasa tulia. Ila majaribio tutakayoyataja ni ya panya wa maabara sio panya buku, tusichanganye.

Mgeni rasmi, jaribio lenyewe wala sio gumu. Panya anawekwa kwenye boksi, inalia sauti, sauti ikiisha anapigwa shoti kidogo miguuni. Kesho yake akisikia ile sauti tu, shoti hamna, anaganda palepale, hasogezi hata sharubu, kinachocheza ni mbavu tu akihema. Watafiti kama Joseph LeDoux wa New York wakaifuatilia hiyo sauti, wakakuta ikitoka sikioni inafika sehemu inaitwa thalamasi, pale kuna njia ya mkato mpaka amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na woga, na kuna nyingine inazungukia kwanza kwenye gamba la ubongo ili ichambuliwe vizuri. Amigdala ni kama mlinzi wa geti, filimbi kwanza, kuuliza nani baadaye.

Sisi kilichotuacha mdomo wazi ni matokeo ya 1992. Panya aliyeharibiwa hipokampasi, sehemu nyingine ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, akisikia sauti anaganda kama kawaida, ila mrudishe kwenye boksi lilelile bila sauti, anazurura tu kama vile hakuna kilichowahi kumpata humo. Aliyeharibiwa amigdala yeye haogopi sauti wala boksi. Yaani hipokampasi inajua mahali (John O'Keefe alishaona tangu 1971 kwamba humo kuna seli zinazoamka panya akifika kona fulani tu, akaja kupata Nobel 2014 pamoja na kina Moser wawili wa Norway, wakati huo mtu na mkewe) na amigdala inajua hatari, zikishirikiana ndo panya anaogopa sehemu.

Halafu mpigie ile sauti tena na tena bila shoti, ataacha kuganda. Mtu atasema amesahau. Wapi! Mhamishie boksi lingine, woga huo unarudi. Kumbe gamba la mbele la ubongo, kieneo kinaitwa infralimbiki, lilijifunza kuibana amigdala, na hipokampasi ndo inalipatia taarifa kwamba hapa salama, kule bado.

Kuna na hili, hapa tunaomba walimu wetu watusamehe. Panya akibanwa asiweze kusogea masaa mawili kila siku kwa siku 10, matawi ya seli za hipokampasi yanasinyaa, ya amigdala yanaongezeka, na akipumzishwa siku 21 ya hipokampasi yanarudi lakini ya amigdala yanabaki vilevile. Sisi sio panya, tunajua, lakini kumtisha mtoto kila asubuhi mstarini halafu dakika kumi baadaye unamdai fomula ya kwadratiki, kwa maoni ya klabu hiyo ni kujipinga mwenyewe.

Changamoto zetu sio nyingi. Darubini ni moja na lenzi ina ukungu, projekta tunaazima, na nauli ya kwenda SUA tumechangishana mpaka tumechoka. Tunaomba darubini nyingine na basi la siku moja tu, mafuta tutajua sisi. Panya wa stoo ya mahindi hatuombi, hao tunao, matroni anajua.

Ukimaliza tupitie meza ya pili mheshimiwa, kuna ubongo wa panya tumeufinyanga kwa udongo, mkubwa kama papai ili uonekane. Amigdala ni zile mbili nyekundu, ya kushoto usiishike, gundi haijakauka.

Naomba kuwasilisha.