Vitz yako inachemsha? Kabla ya kununua rejeta, tuambie inachemsha wapi

Ujumbe unaoingia mara nyingi kwenye simu ya gereji yetu ni wa namna hii: "Fundi habari, Vitz old model inachemsha, rejeta bei gani?" Bei tunaweza kukutajia. Ila tumeshapokea magari mengi yenye rejeta mpya kutoka maduka ya spea ya Gerezani, Dar, pampu ya maji mpya, na mfuniko wa rejeta uleule uliokuja na gari kutoka Japani. Mwenye gari ameshalipia spea mbili na gari bado linachemsha palepale Kimara.

Vitz za kwanza zilitoka Japani 1999 na toleo hilo likakoma 2005, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imeshafikisha miaka 20. Mipira, plastiki za rejeta, relei (swichi ya umeme) na mota ya feni vimezeeka pamoja. Ukibahatisha kwa kubadilisha kimoja kimoja utafika mwisho siku moja, lakini kwa gharama ya kukaribia kununua gari lingine. Haya tunayoyaeleza yanafaa pia kwa IST, Passo, Platz na wenzao wa rika hilo.

Kwa hiyo swali letu la kwanza kwako ni linachemsha lini na wapi. Kama linachemsha kwenye foleni ya Ubungo hadi Mbezi, halafu ukipata barabara wazi linapoa lenyewe, rejeta yako huenda ni nzima kabisa. Kinachokosekana ni upepo, na upepo wa gari lililosimama unatoka kwenye feni. Kama kwenye foleni halina shida, lakini likienda kasi au likipanda mlima Kitonga linachemsha, hapo feni haihusiki sana: maji hayazunguki ya kutosha, na ndipo tunapoanza kuitazama rejeta iliyoziba, themostati (valvu inayoyaachia maji injini ikipata moto) inayofunguka nusu, au pampu iliyochoka. Likichemsha popote, tena dakika chache tu baada ya kuwashwa, ama maji hayamo, ama themostati imegoma kufunguka, ama gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua.

Kuna aina ya nne ambayo watu hawaiiti ugonjwa. Gari halichemshi, ila kila Jumapili unaongeza maji kidogo. Mfumo wa maji umefungwa pande zote na hautakiwi kupungua hivyo. Hayo unayoongeza yanakwenda mahali, na sisi tungependa kukuona katika hatua hiyo, kabla ya taa nyekundu.

Tukifika kwenye taa: Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa ya bluu inayosema injini bado baridi, na nyekundu inayosema imezidi. Katikati hakuna habari yoyote. Baya zaidi, sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakimwagika yote mpira ulipopasuka, sensa inabaki kwenye mvuke au hewa na taa inaweza kuchelewa au isiwake kabisa. Ndiyo maana mtu anasema "taa haikuwaka, injini ikafa tu." Anasema kweli.

Anza na mfuniko

Asubuhi, gari likiwa limelala na injini ni baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta uugeuze. Chini una springi, na pete ya mpira inayokaa kwenye shingo ya rejeta. Katikati kuna kivalvu kidogo cha bati ambacho ukikivuta kwa kucha kinainuka na ukikiachia kinarudi. Mpira ukiwa umekakamaa, umechanika au una alama ya shimo, mfuniko umekwisha. Kivalvu kikiwa kimegandiwa na tope la kutu, umekwisha pia.

Kwa nini kidude hiki kina uzito hivyo? Juu yake kimeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha kinayotakiwa kuishikilia. Maji ya kawaida huku pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini yakibanwa kwa presha hiyo yanavumilia hadi karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mfuniko usioshika presha unakunyang'anya nyuzi hizo zote. Ukipanda nao Njombe, ambako maji ya wazi yanachemka chini ya nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko, hali inakuwa mbaya zaidi.

Mfuniko huohuo ndio unaoruhusu maji kwenda kwenye tanki la akiba yakipata moto na kurudi yakipoa. Tazama tanki lako: lina alama za F na L. Likiwa limejaa pomoni huku rejeta yenyewe ina upungufu, maji yanatoka ila hayarudi. Na ukikuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta umenywea, umebonyea kwa ndani, kivalvu kile cha katikati kimeziba. Mfuniko ni spea ya bei ndogo kuliko zote katika makala hii. Nunua wenye namba ileile ya ule wa zamani, usidanganywe kwamba namba kubwa ndiyo imara: presha ikizidi, kinachopasuka ni plastiki ya rejeta.

Feni

Washa gari, kisha washa AC. Kwenye Toyota hizi ndogo kompresa ikishika tu, feni nayo inaanza. Ikianza, mota ni nzima. Kama bado inachemsha kwenye foleni ukiwa hujawasha AC, tafuta kwenye sensa au swichi ya joto na waya zake. Isipoanza, kagua fyuzi, kisha hamisha relei ya feni na nyingine ya aina hiyohiyo kutoka kwenye boksi la fyuzi uone. Mota ambayo inazunguka baada ya kugongwa kidogo kwa mpini wa bisibisi imekwisha kaboni na haitakufikisha mbali. Vidole viwe mbali wakati wote, maana feni inaweza kuanza yenyewe swichi ikiwa imefunguliwa.

Mjini hapa kuna tiba maarufu ya kufunga feni dairekti. Waya unavutwa mpaka kwenye swichi na feni inazunguka muda wote. Gari linaacha kuchemsha, kila mtu anafurahi. Kama umekwama usiku na unataka kufika nyumbani, hatuna ugomvi na hilo. Ila mota iliyotengenezwa kufanya kazi kwa vipindi sasa haipumziki, na waya huo mara nyingi hauna fyuzi. Siku mota ikikata huna taarifa, kwa sababu ulishazoea kwamba gari limepona.

Themostati iliyotupwa

"Huku kwetu joto, themostati ya nini?" Tunasikia hoja hii hata kwa mafundi wenye miaka mingi kazini, na inaeleweka: themostati ikigoma kufunguka inaua injini, basi bora kuing'oa. Tatizo ni kwamba injini haikupangwa kufanya kazi ikiwa vuguvugu. Themostati ya gari la namna hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kabla ya hapo inayazuia maji ili injini ipate joto haraka. Ukiitoa, kompyuta inaendelea kuona injini baridi na inaongeza petroli, na oili haipati moto wa kukausha unyevu. Mteja anakuja kulalamika gari linakula mafuta, ameshabadilisha plagi na sensa ya oksijeni, kumbe taa ya bluu inabaki inawaka kilomita nzima za barabara ya Bagamoyo na hajawahi kujiuliza. Taa hiyo ikichelewa sana kuzimika, themostati haimo au imekwama wazi.

Ukiwa nayo mkononi, unaweza kuipima jikoni. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Itafunguka karibu na nyuzi zilizopigwa chapa juu yake. Ikibaki imefunga mpaka maji yanatokota, itupe ununue nyingine.

Maji unayoweka

Visima vingi vya Dar vina chumvi. Hedi ya gari lako ni aluminiamu, na rejeta ni aluminiamu yenye matanki ya plastiki. Chumvi na aluminiamu haviishi pamoja. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, haikuwekwa kwa ajili ya nchi za barafu tu. Ina dawa ya kuzuia kutu na inalinda sili ya pampu ya maji. Kama ile uliyonunua inahitaji kuchanganywa, tumia maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, ukisoma vizuri chupa usije ukabeba asidi. Rangi si ushahidi wa ubora. Kuna maji ya pinki tu yanayouzwa kwa jina la kulanti.

Rejeta hizi hazizibuliwi kwa kupigwa vyuma kama zile za shaba za zamani. Ikiziba ndani sana, badilisha. Lakini kwanza tazama nje: kati ya kondensa ya AC na rejeta hukaa tope, manyoya, wadudu na vipande vya mifuko, na ukitazama kwa mbele tu huvioni. Oshea maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo ili mapezi yasilale.

Gasketi ya hedi, na jinsi tunavyoithibitisha

Neno hili linatumika kama hukumu. Fundi akisema "gasketi" mteja anashika kichwa, na baadhi hupasua injini bila kupima kitu. Dalili zipo. Mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili tangu kuwasha injini baridi, wakati maji hayajapata hata joto. Ukifungua mfuniko na kuwasha, mapovu madogo yanapanda bila kukoma. Oili kwenye kijiti inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe mzito unatoka hata gari likiwa limeshapata moto. Matone machache ya maji kwenye ekzosi asubuhi, hayo ni ya kawaida, usihangaike nayo.

Kwetu kuna vipimo viwili kabla ya spana yoyote kugusa hedi. Cha kwanza ni pampu ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko. Tunajaza presha ileile ya mfuniko na kutazama geji. Ikishuka, tunatafuta maji yanapotokea: kiungo cha plastiki na aluminiamu kwenye rejeta, kitundu cha chini ya pampu ya maji ambacho huacha ukoko wa rangi, au hita iliyo ndani ya dashibodi, ambayo hulowesha kapeti ya mbele. Cha pili ni kimiminika cha bluu tunachokiweka kwenye chupa juu ya shingo ya rejeta na kuvuta hewa ipite ndani yake. Gesi ya moshi wa injini ikiwemo, bluu inageuka njano mbele ya macho yako. Tunapenda gari lilale kwetu, tuliwashe asubuhi likiwa baridi, kwa sababu dakika za kwanza ndizo zinazosema mengi.

Taa nyekundu ikiwaka ukiwa barabarani, zima AC, fungua hita mpaka mwisho pamoja na vioo, tafuta pa kusimama uzime injini. Hita ni rejeta ndogo, itakupunguzia moto kwa mita chache unazohitaji. Usifungue mfuniko mpaka uweze kuushika mpira wa juu bila kuachia. Usimwagie injini maji baridi kwa juu hata kama vijana wa pembeni wanakuletea ndoo kwa nia njema. Hedi ya aluminiamu hupinda.

Ikishapinda, kazi ni nyingine. Hedi inashushwa, inawekewa rula ya chuma na kupimwa. Kwa injini hizi ndogo upindo unaokubalika ni karibu 0.05 milimita tu. Zaidi ya hapo inapelekwa kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso wake kwa mashine, na bolti zake zinapimwa urefu, kisha zinakazwa kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu. Anayekaza kwa kukadiria mkono atakurudisha kwetu. Wakati mwingine tunakwambia wazi kwamba injini ya mtumba kutoka Japani itakugharimu karibu sawa na kufufua hii, hasa kama ilishakuwa inakula oili. Tunakupa bei zote mbili kwa maandishi na spea zako za zamani unaondoka nazo. Ukichagua kuskimu, hesabu gari litakaa siku tatu au nne, na Desemba zaidi, kwa kuwa wanaojiandaa kwenda Moshi na Mbeya huja wote wiki moja na mashine za kuskimu zinakuwa na foleni.