Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Sana Mir na Heshima ya Mrushaji Mvumilivu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa utaratibu wa chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025. Masuala ya fedha na uanachama yamo katika taarifa za mweka hazina na katibu, hivyo sitayarudia. Kamati iliafikiana kwamba mwenyekiti azungumzie jambo lililotugusa zaidi mwaka huu kama wapenzi wa kriketi ya wanawake, nalo ni uamuzi wa Baraza la Kimataifa la Kriketi, mwezi Juni, kumwingiza Sana Mir katika orodha yake ya heshima, akiwa mwanamke wa kwanza wa Pakistan kufikia hapo.

Sana Mir alizaliwa mwaka 1986 katika mji wa Abbottabad, na aliichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 2005, mjini Karachi, dhidi ya Sri Lanka. Alianza akiwa mrushaji wa mpira wa kasi, lakini jeraha la mfupa lilimlazimu kugeukia mpira wa kuzungusha kwa vidole, ule ambao ukishadunda kwenye pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja, huingia ndani kumfuata mpigaji wa mkono wa kulia. Hadi alipotangaza kustaafu tarehe 25 Aprili 2020, alikuwa amepata wiketi 151, yaani kuwatoa wapigaji mara 151, katika mechi 120 za siku moja, kwa wastani wa mikimbio (alama za wapigaji) 24 na ushei kwa kila wiketi, pamoja na wiketi 89 katika mechi 106 za ova 20 (ova ni mipira sita inayorushwa mfululizo).

Naomba wanachama wasizitazame takwimu hizo bila kuitazama timu aliyoichezea. Mrushaji wa mpira wa kuzungusha hufaidika pale wapigaji wa upande wake wanapokuwa wamekusanya mikimbio mingi, kwa kuwa wapinzani hulazimika kupiga kwa pupa na kukosea. Sana Mir hakuwa na faida hiyo mara nyingi. Mara kwa mara alikabidhiwa mpira huku timu yake ikiwa na mikimbio michache ya kulinda, na akalazimika kumbana mpigaji ova baada ya ova, akibadilisha mwendo wa mpira na mahali unapodunda, mpaka mpigaji mwenyewe aishiwe na subira. Kwa maoni yangu, huo ndio ufundi mgumu kuliko wote katika urushaji, na ndio unaosifiwa kwa nadra kuliko wote.

Isitoshe, aliiongoza Pakistan akiwa nahodha katika mechi 137 za kimataifa, kuanzia mwaka 2009 hadi 2017. Miaka hiyo ilikuwa migumu, kwa sababu baada ya shambulio dhidi ya timu ya wanaume ya Sri Lanka mjini Lahore, Machi 2009, timu za kigeni ziliacha kuzuru nchi hiyo, na wachezaji wakanyimwa uwanja wa nyumbani. Hata hivyo, chini yake Pakistan ilitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia mara mbili, Guangzhou 2010 na Incheon 2014, na mwezi Machi 2016 ikaishinda India mjini Delhi kwa mikimbio miwili katika mechi iliyokatizwa na mvua.

Mwaka 2017 Pakistan ilipoteza mechi zote saba za Kombe la Dunia, na unahodha ukapewa Bismah Maroof. Sehemu inayofuata ndiyo ninayoithamini zaidi. Sana Mir alibaki kikosini kama mchezaji wa kawaida, na Oktoba 2018 akashika nafasi ya kwanza duniani miongoni mwa warushaji wa mechi za siku moja. Mei 2019 akafikisha wiketi 147, idadi ambayo wakati huo hakuna mwanamke mwingine wa mpira wa kuzungusha aliyekuwa ameifikia katika mechi hizo.

Lipo pengo moja linalonisikitisha. Pakistan haijacheza mechi ya wanawake ya siku nyingi tangu mwaka 2004, ambapo Shaiza Khan alipata wiketi 13 katika mechi moja mjini Karachi. Sana Mir hakuwahi kupewa hata moja, na kwa hiyo mrushaji mwenye subira ya kiwango hicho alimaliza kazi yake bila kuonekana katika mchezo unaoithamini subira kuliko mingine yote.

Kutokana na hayo, kamati inaleta mbele yenu mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba mafunzo ya urushaji kwa wasichana yajumuishe mazoezi ya kulinda mikimbio michache, na tuzo ya mrushaji bora izingatie mikimbio aliyoizuia sawasawa na wiketi alizopata. La pili ni kwamba chama kianzishe mechi ya siku mbili kwa wanawake kila msimu. Rasimu za mapendekezo yote mawili zimeambatishwa, na yatapigiwa kura katika mkutano huu.