Kaka wa Makambako, pikipiki usiuze

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, najua kila siku umejaa mambo ya mbolea na bei ya viazi, ila nimesoma barua ya yule kaka wa Makambako nikashindwa kunyamaza. Anasema ana leseni ya redio ya ridhaa, ya kuongea na watu kwa kujifurahisha, kutoka TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, ana redio kol ya wati 100, antena kasimamisha bomba la mita 10 wima kama alivyoona kwenye video, lakini kila jioni akiita Mbeya kwenye bendi ya mita 40 (masafa ya megahezi 7 hivi) hapati mtu, kwahiyo anataka kuuza pikipiki anunue amplifaya ya wati 500. Kaka, pikipiki usiuze. Kutoka wati 100 kwenda 500 sindano ya kuonyesha nguvu kwenye redio ya mwenzako inapanda alama moja na kakidogo tu, basi, na kama mawimbi yako hayashuki Mbeya hata ukiweka wati 1000 utakua unayapeleka kulekule yasikotakiwa.

Nasema hivi kwa sababu mi mwenyewe nimepita hapohapo. Nilipoanza hapa Uyole nilichomeka bomba wima, mita 10 na ushee, nikafukia waya nne chini za kutandaza ardhini, nikakaa usiku nikaongea na Italia. Italia! Asubuhi nikamwamsha mwenzangu wa Tukuyu kwa simu nikamwambia washa redio unisikie, akawasha, kimya. Tukuyu hapo, hata nauli ya Coaster haiumi. Nikajua redio yake mbovu, yeye akajua yangu mbovu, tukagombana wiki nzima.

Kumbe hakuna mbovu. Bomba la wima linatupa mawimbi chini chini kuelekea upeo wa macho, yanakwenda mbali sana ndo yanarudi ardhini, na juu ya kichwa chake halitupi karibu kitu. Sasa kati ya Makambako na Mbeya ni chini ya kilomita 200, alafu njiani kuna milima, hapo unahitaji mawimbi yapande juu karibu wima kabisa, yafike kwenye tabaka la hewa lililoko kilomita 250 mpaka 400 huko juu, yarudi chini. Chukua mpira wa kumwagilia bustani uelekeze angani uone maji yanavyokurudia wewe mwenyewe na wote waliosimama karibu, ndo hivyohivyo. Mlima hauna kazi hapo, mvua inanyesha pande zote za mlima.

Na antena ya kufanya hivyo ni rahisi kuliko hilo bomba. Ni waya tu uliolala, umekatwa katikati na kebo ya redio imeungwa hapo, unaitwa daipoli, tena usiupandishe sana. Kwa mita 40 ukiwa mita 5 au 6 juu ya ardhi unatosha, watu wanahangaika kuutundika juu ya mkaratusi mita 20 huko wakidhani juu ndo kuzuri, kumbe kwa kuongea Njombe na Iringa na Mbeya wanajiharibia. Mi nimetumia mianzi miwili, na hapo kuna vichekesho, mzee mmoja jirani anayetokea Iringa alisimama getini akaniuliza, kijana, ulanzi wa Mbeya nao mnagemea kwenye mianzi iliyokauka? Nikamwamkia nikamweleza, akasikiliza vizuri sana, kesho yake akaja tena na kikombe. Mama wa upande wa pili yeye aliuliza kamba ya kuanikia nguo mbona nimeiweka juu hivyo, nani atafikia.

Vipimo ni hivi. Chukua 143 gawanya kwa megahezi unayotaka, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 7.1 inakuja mita 20.14, nusu yake 10.07 kila upande. Lakini usikate hapo! Waya wa kuwekea umeme nyumbani, ule wa milimita 2.5 za mraba wenye ganda, ganda lenyewe linaufanya waya ujione mrefu kuliko ulivyo, alafu ukiwa karibu na ardhi nako kunabadilisha. Mi nilikata 10.40 kila upande, nikapima, SWR, kile kipimo cha nguvu inayorudi redioni (1 ndo bora kabisa), ya chini kabisa ikakaa kwenye megahezi 6.67. Kwahiyo nikachukua 6.67 nikagawanya kwa 7.1 nikazidisha na 10.40, ikaja 9.77, nikakunja ncha nikaziviringisha kwenye waya wenyewe mpaka hapo, sikukata. Waya uliokunjwa unaweza kuukunjua, uliokatwa utarudi dukani.

Kitu kingine ambacho kaka hakukitilia maanani. Anaita JIONI. Usiku ukishaingia lile tabaka la juu linapungua nguvu, mawimbi ya mita 40 yanayopanda wima yanalitoboa yanaenda zake, wa karibu wanapotea unaanza kusikia watu wa mbali tu. Kwahiyo mchana mita 40, usiku hamia mita 80, megahezi 3.6 hivi. Na mita 80 usiipigie mchana saa 6, jua likiwa kichwani tabaka la chini linayanywa mawimbi yote, utachoka bure. Waya wa mita 80 kwa 3.65 ni 39.2 wote, yaani 19.6 kila upande, na unaweza kufunga zote mbili kwenye kebo ileile moja, za mita 40 zikining'inia chini ya za mita 80 kwa nafasi kama ya mkono mmoja. Ukizifunga pamoja zinavutana vipimo kidogo, anza kurekebisha ndefu ndo uje kwenye fupi. Kiwanja kikiwa kidogo ncha zishuke chini kwa ulalo, hazitakufa, ila zisifikiwe na mtoto wala mbuzi maana ncha ndo kwenye volti kali ukiwa unaongea.

Sasa Mhariri hapa ndo nataka nikae kidogo, maana hapa ndo palipokula miezi yangu minne.

Msimu mmoja wa mvua antena yangu ya mita 80 ilikua na SWR nzuri ajabu. 1.3. Nikienda 3.5 ni 1.3, nikienda 3.8 ni 1.4, nikafurahi nikawatangazia watu kwamba nimetengeneza antena inayokubali bendi nzima. Ila hakuna aliyekua ananijibu. Nikiwasikia nao ni kwa mbali, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Nikabadilisha maiki, nikafungua redio, nikamlaumu mwezi na jua. Mtu mmoja mzoefu akaniuliza swali moja tu, daipoli ya mita 80 imeanza lini kua na SWR nzuri bendi nzima? Waya wa kawaida una bonde, katikati chini pembeni inapanda. Ikilala bapa hivyo kuna kitu kinakula.

Nikashusha antena. Pale katikati kebo inapoungana na waya nilikua nimefunga tepu nyeusi ya umeme, ile ya kawaida, jua la Septemba lilishaichanua kama ganda la ndizi. Nikakata kipande cha kebo, sentimita 10, nikavua ganda la nje. Nyuzi za nje hazikua za rangi ya shaba tena, zilikua nyeusi zenye ukijani, na nilipobinya likatoka tone la maji. Nikakata tena mita moja, bado. Mita tatu, bado nyeusi. Maji yalikua yameshuka ndani ya kebo kama utambi unavyovuta mafuta ya taa.

Kwahiyo kaka kabla ya yote ipime kebo yako peke yake. Itoe kwenye antena, ncha ya juu iache wazi isiguse kitu, alafu chukua mita ya fundi umeme upime kati ya waya wa ndani na nyuzi za nje, isisome chochote. Ikisoma hata kilo-ohmu kadhaa kuna maji. Ukipata kile kipimio kidogo cha NanoVNA ni bora zaidi, hiyohiyo ncha ikiwa wazi SWR inatakiwa iwe MBAYA. Kebo nzima ya RG-58, ile nyembamba ya kawaida, ya mita 25 kwenye mita 40 itakuonyesha 8 au zaidi. Yangu ilisoma 2. Maana yake nguvu inayotoka redioni theluthi moja tu ndo inafika juu, nyingine inapasha moto kebo, na inayorudi nayo inaliwa njiani ndo maana mita ya redioni inakuchekea. Ila usije ukapiga wati 100 kwenye kebo iliyo wazi, pima kwa kipimio tu.

Siku hizi nalehemu, napaka grisi kidogo, nafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli kwa kuuvuta sana, juu yake ndo tepu, na kebo naiacha ishuke ikunjike kidogo kabla ya kuingia dirishani maji yadondokee nje. Misimu miwili sasa, kavu.

Jingine ni kelele. Kama huwasikii watu labda sio kwamba hawapo, ni kelele za nyumbani kwako. Washa redio kwa betri ya gari alafu zima meni swichi. Sindano ikishuka ghafla basi adui yuko ndani, washa kimoja kimoja mpaka umjue. Kwangu alikua chaja ya simu ya elfu tatu na taa moja ya LED chooni. Kwa jirani ilikua kontrola ya sola, ile naishi nayo tu, inapiga kelele jua likiwaka ikizama inanyamaza. Watu wa mtaa umeme ukikatika wananuna, mi nakimbilia redioni, hapo ndo bendi inakua safi kama kisima. Ila ile miali ya radi ya Desemba hakuna swichi yake, huo ni mkwaruzo wa mbali unakuja na mvua, vumilia mpaka Mei uone mita 80 ilivyo tamu.

Na jirani akikwambia sabufa yake imeanza kuongea sauti yako usibishane nae, ni kweli, ilinitokea, tena nilikua namsema yeye. Nguvu inarudi kwa nje ya kebo badala ya kubaki kwenye waya. Dalili nyingine ukigusa redio SWR inabadilika au maiki inakung'ata mdomo. Pale katikati ya daipoli zungusha kebo hiyohiyo kwenye kipande cha bomba la PVC la inchi 4, mizunguko kama 15, zisipandane, zifunge. Mwenye feraiti, zile pete nyeusi za kuvishia kebo, atumie feraiti ni nzuri zaidi, ila bomba linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi.

Upepo wa Makambako sina haja ya kukueleza. Ncha moja ya waya usiifunge moja kwa moja kwenye mti, ipitishe kwenye puli, huku ning'iniza dumu la lita 5 lenye mchanga, mti ukiyumba dumu linapanda linashuka waya haukatiki. Wangu wa kwanza ulikatika Agosti usiku nikasikia tu paah kwenye bati, mke wangu akajua wezi.

Radi sitaki kuandika mengi, ila wingu likianza kujikusanya chomoa kebo itoe NJE ya nyumba kabisa, sio kuichomoa na kuiacha mezani karibu na redio kama nilivyowahi kumkuta mtu.

Hilo bomba lako wima usilitupe pia, ukitaka Japani au Brazili utalihitaji, liongezee waya za ardhini, nne ni chache, weka 16 au zaidi, na uwaambie wanaolima ziko wapi. Zangu mbili zilikatwa na jembe, nikaja kugundua mahindi yakiwa kiunoni.

Kwahiyo Mhariri kama huyo kaka anasoma, naomba umfikishie kwamba ashushe waya wiki hii, waya wa mita 20 na kebo haufiki hata bei ya hiyo pikipiki, aniite Jumapili saa 4 asubuhi kwenye 7.1 hivi kabla sijaenda ibada ya pili. Aanze na wati 20. Zile 100 aziache kwanza.

Ndaga fijo, yaani asante sana.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya