Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, nawasalimu, na poleni kwa kusubiri. Tuliitana saa nne, tumeanza saa sita kasoro, na akidi yenyewe imetimia baada ya katibu kuwafuata watu wawili sokoni.

Shughuli za mwaka mnazijua. Tumezika watatu, tumeozesha wawili, maturubai mawili yamechanika na moja limeshonwa. Mapato ya viti vya kukodisha atayasoma mweka hazina.

Nije kwenye safari ya Dar es Salaam, maana maneno yamekuwa mengi kuliko kilomita zenyewe. Inasemwa kwamba mwenyekiti aliwapeleka watu "kuangalia mawe na fuvu" badala ya Kariakoo. Naomba nieleweke. Ratiba ilipitishwa kikaoni, na waliokuwepo siku hiyo walikuwa 19 kati ya wanachama 64. Waliokosa kikao ndio wanaolalamika.

Tulitoka Mbeya saa kumi alfajiri. Isimila hatukuifuata, iko njiani kabla ya kufika Iringa mjini: korongo lenye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu wa kale zimelala pale pale chini. Mama mmoja aliyekuwa amenuna tangu Makambako ndiye aliyepiga picha nyingi kuliko wote.

Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa, ndiyo tuliyoikatia kona, na hilo nalibeba mwenyewe. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alijipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate hai, nao wakamkata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja kirudishwe. Kilirudi mwaka 1954, gavana Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Fuvu lenyewe, ndani ya kioo, ni dogo kuliko mtu anavyotarajia. Mzee wetu mmoja alivua kofia, akasimama pale mpaka dereva akapiga honi mara mbili. Nimeishi Nyanda za Juu miaka yote hii na sikuwahi kufika. Je, ningewapitisha tena hivi hivi?

Lugalo tulisimama dakika kumi tu, penye mnara kando ya barabara, ambapo Wahehe walikishambulia kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua yeye mwenyewe. Wengi wenu mnaijua Lugalo ya hospitali ya jeshi, Dar; jina ni la huku. Wapo waliokihesabu kituo hiki kuwa cha kuchimba dawa. Sina la kusema.

Kilichotuchelewesha ni mlima Kitonga. Lori liliharibika kwenye kona, tukakaa saa mbili na nusu tukinusa breki za wenzetu. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu gizani. Mikumi, ambako barabara inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, tukaona mabango ya faini za kugonga wanyama, wanyama wenyewe hatukuwaona. Dar tuliingia saa nane usiku. Hilo nalo nimeandikiwa mimi, kana kwamba lori lilikuwa la kwangu.

Kosta ilikuwa na viti 29, sita vikaenda vitupu kwa sababu ya watu walioandikisha majina na kuzima simu. Pengo la mafuta nililiziba kwa 85,000 kutoka mfukoni, na sijaidai. Natamka tu ili iingie kwenye kumbukumbu.

Ada ni 5,000 kwa mwezi. Wanachama 31 hawajalipa hata mwezi mmoja wa mwaka huu, jumla 1,860,000. Kati yao wamo waliosafiri, na ndio waliouliza kwa nini chakula cha Iringa kilikuwa wali maharage.

Mwakani, tukijaliwa, tuangalie Bagamoyo, au Kilwa, au hata Matema hapa jirani, kadiri mfuko utakavyoruhusu. Kamati italitazama.

Sasa namkaribisha mweka hazina na daftari lake. Wanaodaiwa wasogee viti vya mbele, na mlango ule wa nyuma naomba ufungwe.