Vyuo vya Wamarekani Weusi viwe na ofisi kamili ya wanafunzi wa kigeni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hali ya vijana wetu wanaosoma katika vyuo vikuu vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, yaani vile vilivyoanzishwa Marekani kwa ajili ya Weusi enzi za ubaguzi.

Uhusiano wetu na vyuo hivyo haukuanza jana. Mkenya Mbiyu Koinange alikwenda chuo cha Hampton, Virginia, mwaka 1927, na miongoni mwa Wakenya waliosafiri kwa mpango wa Tom Mboya wa kupeleka wanafunzi Marekani kuanzia 1959 wapo waliopokelewa chuo cha Philander Smith huko Arkansas. Nami nilisoma katika kimojawapo, na kwa ukarimu wa watu wake sina la kulalamika. Ninacholalamikia ni kwamba ukarimu huo uliachiwa kufanya kazi ya ofisi. Kwa kuwa tulifanana rangi na wenyeji, ilidhaniwa kwamba mgeni kutoka Tanga hahitaji kuelekezwa, ilhali hajui bima ya afya inavyotumika, wala hana kwa shangazi pa kwenda mabweni yanapofungwa Desemba. (Krismasi yangu ya kwanza nilihifadhiwa na mpishi wa bwalo, ambaye hakuwa na wajibu wowote wa kufanya hivyo.)

Zito zaidi ni la ada. Mwenye viza ya masomo hapati msaada wa fedha wa serikali ya shirikisho, mwaka wa kwanza haruhusiwi kuajiriwa nje ya chuo, na kazi za ndani ya chuo hazipaswi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Fedha kutoka nyumbani zikikwama benki, ofisi ya ada humzuia kujisajili. Asipojisajili kwa idadi kamili ya masomo, chuo kinalazimika kuiarifu serikali kupitia SEVIS, mfumo unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, na hapo anaweza kupoteza haki yake ya kuendelea kukaa nchini. Deni ambalo kwa mwenyeji ni usumbufu wa wiki mbili, mgeni linaweza kumrudisha kwao bila shahada. Chuoni kwetu aliyewashughulikia wageni wote alikuwa mtu mmoja, tena mwenye kazi ya udahili mikononi, na habari za madeni zilimfikia muda wa usajili ukiwa umepita.

Sivilaumu vyuo peke yake. Septemba 2023 serikali ya shirikisho yenyewe iliwaandikia magavana wa majimbo 16 kwamba vyuo vya Weusi vilivyo chini ya sheria za vyuo vya ruzuku ya ardhi vilipunjwa na majimbo hayo zaidi ya dola bilioni 12 kati ya 1987 na 2020. Si ajabu chuo kilichopunjwa hivyo kikamtazama mgeni kwanza kama mlipa ada. Hata hivyo, kumtaka mshauri wa wageni aarifiwe kabla mwanafunzi hajazuiwa kujisajili, na kuacha bweni moja wazi wakati wa likizo, ni mambo yasiyohitaji mabilioni.

Balozi zetu mjini Washington zingeweza kuyafikisha haya kwa wakuu wa vyuo hivyo moja kwa moja. Nanyi wazazi, kabla ya kulipa dola 350 za SEVIS na kuuza shamba kwa ajili ya nauli, kiandikieni chuo mkiulize kina maofisa wangapi wa wanafunzi wa kigeni, na mwanenu atalala wapi Desemba.

Mhitimu na mzazi,
Tanga