Huyo Karia alifungua lini tawi Nairobi?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu likiuzwa kwa senti na sijawahi kuwaandikia, hata mliponikera. Ila ile taarifa yenu ya asili ya majina ya vitongoji vya Dar es Salaam imenishinda. Mmeandika, tena kwa herufi nene, kwamba Kariakoo limetokana na Mhindi mwenye duka, Karia, aliyebandika kibao cha “Karia Co.” na watu wakakisoma walivyojua wao.

Kama ni hivyo, mtueleze huyo Karia alifungua lini tawi Nairobi, maana na wenzetu kule wana kitongoji chao cha Kariokor.

Jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mji ulitekwa kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, na wapagazi wakapigishwa kambi pale. Barabara za magari huko bara hazikuwapo za kutosha, punda na ng’ombe walimalizwa na mbung’o, basi risasi, unga na mahema ya maofisa vikapandishwa vichwani mwa watu. Wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa Uluguru akiwa kijana. Nilimkuta hai. Utosini alikuwa na sugu kubwa isiyoota nywele, na sisi watoto tulikuwa tukiigusa kwa zamu, naye ametulia tu anatafuna tumbaku yake. Sasa mnaniambia alibebea duka la Karia?

Majuzi nilikwenda Kariakoo kutafuta koki ya bomba. Nje ya soko, pale chini ya yale mapaa ya zege yaliyofunguka kama miavuli, nikamkuta kijana anatembeza wageni, anawapa hadithi hiyohiyo ya Karia, na mbwembwe juu. Nikamvuta pembeni, nikamwambia taratibu, “Mwanangu, sivyo.” Akanisikiliza, shikamoo akanipa, kisha akatoa simu akanisogezea usoni: “Mzee wangu, hii imetoka gazetini.” Gazetini kwenu, mhariri! Wale wageni, wakidhani nami ni sehemu ya matembezi, wakanipiga picha. Kwa hiyo huko Ulaya nipo kwenye albamu ya mtu, nimekunja uso, koki mkononi, nikiwa ushahidi wa jambo la uongo.

Na nani atamsahihisha kijana yule? Nyumba zetu za vyumba sita, ukumbi katikati na baraza mbele, ndizo zilizokuwa na wazee wa kuuliza. Zimevunjwa, yamepanda maghorofa, na Novemba 2024 tuliona wenyewe moja lilivyoporomoka na kuua watu. Barabara ya Kichwele ilipogeuzwa Uhuru na New Street ikawa Lumumba, angalau kila mtu alijua kwa nini. Siku hizi mahali panapewa jina la baa. Mtu anashuka Sinza Kona Baa bila kuona haya, na baa yenyewe ikifungwa jina linabaki. Miaka hamsini ijayo mtatuandikia kwamba Kona Baa alikuwa chifu.

Hata pale barabara za Samora na Azikiwe zinapokutana, ile sanamu ya mwaka 1927 ya kukumbuka vita hivyo ni ya askari peke yake na bunduki yake, mpagazi kaachiwa maandishi. Nairobi walau wamemsimamisha naye.

Ushauri wangu ni mdogo. Kwenye kona ya soko liwekwe jiwe la zege lenye maneno matatu: WAPAGAZI WALIKAA HAPA. Liwe la kimo cha kiuno, na juu lichongwe mshazari mkali, vinginevyo kabla saruji haijakauka litakuwa limepangwa soksi na chaja za simu. Sina ugomvi na machinga, wanangu wawili ni machinga.

Masahihisho nayataka kwa herufi nene zilezile. Mkikosa nafasi, punguzeni ile mikeka ya kubeti ukurasa wa nyuma.

Mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu,
sasa Mbagala, Dar es Salaam